Seli Shina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Tanga

Maswali haya nimeyaokota kwenye foleni ya dawa, kibarazani Ngamiani watu wakinywa kahawa ya jioni, na hata ndani ya daladala. Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wangu wengi ni watoto wenye sikoseli. Nimeamua kuyaandika kwa sababu neno "stemu seli", yaani seli shina, sasa linatamkwa kila mtaa hapa mjini, na mara nyingi anayelitamka ana kitu cha kuuza. Huku nyuma ipo tiba ya kweli ya seli shina, inafanyika hapahapa nchini, na wazazi wengi walio na haki ya kuijua hawajapata kuisikia.

## Mambo ya mwanzo

Seli shina ni nini hasa?

Seli nyingi za mwili zina kazi moja na hazibadilishi kazi hiyo mpaka zinakufa. Ya ngozi hufunika, ya msuli huvuta, chembe nyekundu ya damu hubeba oksijeni. Seli shina ni ile ambayo bado haijapangiwa kazi. Ikigawanyika huweza kuzaa seli shina mwenzake, ili akiba isiishe, na huweza kuzaa seli inayokwenda kukomaa na kushika kazi maalumu.

Anayelima migomba kule Muheza ataelewa upesi. Mgomba ukishazaa unaukata, lakini tunguu lililo ardhini lingali hai. Litatoa chipukizi, na baada yake jingine. Uking'oa tunguu lenyewe, basi tena.

Sasa, seli shina ziko za aina mbalimbali, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Zilizo ndani ya mifupa huzaa damu. Hazigeuki zikawa figo wala ubongo. Zenye uwezo wa kuwa seli ya aina yoyote ni za kiinitete, yaani mimba inayoanza tu kuumbika, cha siku chache. Mtu akikutajia seli shina bila kusema za wapi na za kazi gani, mwulize kwanza hayo.

Mwilini mwangu ziko wapi?

Kwenye ngozi, kwenye utumbo, kwenye ukingo wa kioo cha jicho, na pengine pengi. Zilizotumika zaidi hospitalini ni za uloto, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, ambayo wengi wetu tunaiita uboho. Umeshaiona. Ukiagiza supu ya ng'ombe asubuhi ukabahatika kupata mfupa mkubwa, unaugonga kwenye ukingo wa bakuli, kitu kinateleza, cheupe cha manjano, kinang'aa. Huo kwa sehemu kubwa ni mafuta. Uloto unaozaa damu ni mwekundu, na kwa mtu mzima umejaa zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu na pingili za mgongo. Humo huzaliwa chembe nyekundu kiasi cha milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana.

Kina mama huniuliza kama kumnywesha mtoto supu ya uboho kutamwongezea seli shina. Hakutamwongezea, kwa sababu ileile nitakayoieleza huko mbele kwenye swali la unga wa stemu seli.

Mambo haya yalianza lini?

Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa katika miaka ya 1950, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwaka 1998 James Thomson alifanikiwa kuotesha maabara seli shina za kiinitete cha binadamu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alichukua seli za kawaida za panya zilizokwisha komaa akazirudisha kwenye hali ya ushina kwa kutumia jeni nne tu. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Kwa hiyo uloto una uzoefu wa zaidi ya miaka 60. Hayo mengine bado ni machanga.

## Sikoseli na upandikizaji wa uloto

Sikoseli inahusiana vipi na seli shina?

Kosa la sikoseli liko kwenye jeni inayotengeneza himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kila seli shina ya damu ya mtoto huyo inalo, kwa hiyo kila chembe nyekundu inayozaliwa nayo inalo. Ukiiweka damu yake chini ya darubini utaona chembe za duara, zimebonyea katikati kama andazi lililobonyezwa kidole, na baina yake zimo nyingine nyembamba, zimepinda, ncha zake kali pande zote mbili. Ndio mundu wenyewe. Chembe nzima huishi kiasi cha siku 120. Zenye mundu huishi siku 10 hadi 20. Uloto unafanya kazi mbiombio na haufikii, damu inapungua, macho yanakuwa manjano, na zile chembe ngumu zikinasa kwenye mishipa midogo mtoto analia mifupa usiku kucha.

Ukimwongezea damu umembadilishia chembe, lakini kinachozizalisha ni kilekile. Upandikizaji unabadilisha hicho kinachozizalisha.

Je, ni kurogwa? Mbona Pwani imekuwa nyingi?

Si uchawi na si laana ya ukoo. Mtoto hurithi jeni moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye jeni moja tu ya sikoseli haugui, na malaria kali humpata kwa nadra. Anthony Allison alilionyesha jambo hilo mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Mahali palipokuwa na malaria nyingi kwa karne na karne, kama ukanda wetu huu, wenye jeni moja walinusurika wakazaa, na jeni ikaenea. Wawili wenye jeni moja moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye sikoseli duniani, na makadirio yanayotajwa sana ni 11,000 kwa mwaka.

Nimeona ndoa ikivunjika kwa mume kumwambia mke "ugonjwa huu umeuleta wewe". Haiwezekani ukaletwa na mmoja.

Tiba hii inapatikana Tanzania?

Ndiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Kabla ya hapo mzazi alikuwa na njia moja, kupelekwa nje, hasa India.

Kwa wa Tanga njia huanzia kwenye kliniki anayohudhuria mtoto, kisha rufaa kupitia hospitali ya mkoa, Bombo. Usipande basi Kange ukaenda Dodoma bila barua na kumbukumbu za mtoto. Utapita Segera, Chalinze na Morogoro, utafika umechoka, na utaambiwa urudi ukalete makaratasi. Beba majibu yote: kipimo kilichothibitisha sikoseli, idadi ya mara alizolazwa, mara alizoongezwa damu, na kama amewahi kupata kiharusi. Habari za gharama na msamaha, waone ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla hujauza shamba.

Anafanyiwa nini, hatua kwa hatua?

Kwanza hupimwa yeye na ndugu zake (tazama sehemu ya mchangiaji). Akipatikana anayelingana, mtoto hulazwa chumba chake peke yake na huwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Kwa siku kadhaa hupewa dawa kali, za jamii ya zile za saratani, za kuondoa uloto wake wa zamani na kulegeza kinga ili mgeni apokewe. Siku hizi ni ngumu. Anatapika, nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, hata uji wa vuguvugu anaukataa.

Kisha inakuja siku yenyewe, na wazazi wengi hushangaa. Hakuna kisu wala chumba cha upasuaji kwa mgonjwa. Ni mfuko, kama wa kuongezewa damu, unaoning'inizwa na kuingia taratibu kwenye mshipa. Seli shina zinajua njia. Zinazunguka na damu hadi zinaingia ndani ya mifupa na kutulia humo, bila kuelekezwa na mtu.

Baada ya hapo ni kusubiri, na kusubiri huku ndiko kunakokondesha watu. Kwa wiki mbili hadi nne mtoto karibu hana chembe nyeupe za kumkinga. Anayeingia ananawa mikono, anavaa barakoa. Matunda yasiyomenywa hayaingii, na anayekuja na mafua hakaribishwi hata awe bibi yake. Kila asubuhi damu hupimwa, na kila asubuhi mama huuliza zimefika ngapi. Zikianza kupanda siku tatu mfululizo, seli zimeshika. Akiruhusiwa bado atakunywa dawa za kutuliza kinga kwa miezi mingi na kurudi kliniki mara kwa mara. Mzazi ajipange kukaa karibu na hospitali kwa muda mrefu.

Ni salama?

Kwa mtoto aliyepata uloto wa ndugu wa kulingana kabisa, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya tisa kati ya kumi huishi, na wengi wao sikoseli huondoka. Mimi huwaambia wazazi pia kuhusu yule mmoja. Maambukizi yanaweza kuua zile wiki za mwanzo. Seli mpya zinaweza kukataa kushika. Na seli za mchangiaji zinaweza kuuona mwili wa mtoto kuwa adui zikaushambulia, kwenye ngozi, ini na utumbo. Ndiyo maana daktari hamchukui kila mwenye sikoseli. Huangalia nani ugonjwa umeshaanza kumwumiza vibaya na mwili wake bado una nguvu za kuvumilia. Matokeo huwa mazuri zaidi utotoni.

Nimesikia kuna dawa ya kurekebisha jeni.

Ipo. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy. Hutolewa seli shina za mgonjwa mwenyewe, zinarekebishwa maabara ili zirudi kutengeneza himoglobini ya utotoni (ile ya mtoto akiwa tumboni), kisha anarudishiwa. Hahitaji mchangiaji, ila dawa kali za kuondoa uloto anazipata vilevile. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naumia kuiandika bei hiyo nikifikiria wapi wagonjwa wengi wa sikoseli wanaishi.

## Mchangiaji

Nani anaweza kumchangia mtoto wangu?

Wa kwanza kutazamwa ni ndugu wa tumbo moja na baba mmoja. Kinachopimwa ni alama za utambulisho za seli, ambazo madaktari huziita HLA. Kila ndugu ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kabisa. Hii haina maana kwamba ukiwa na watoto wanne lazima mmoja alingane. Nimeona nyumba ya ndugu sita asipatikane hata mmoja, na nyumba ya wawili wakalingana.

Baba na mama hulingana naye nusu, na upandikizaji wa nusu upo, ila hatari zake ni kubwa zaidi. Ndugu wa mama mbalimbali ni nadra kulingana kabisa. Ndugu wa ziwa, walionyonya pamoja, wana haki zao katika dini lakini alama za seli haziji kwa maziwa.

Kutoa uloto si ndiyo kuchomwa uti wa mgongo?

Hapana, na hofu hii imewarudisha nyuma ndugu wengi. Uti wa mgongo ni neva. Hauguswi. Uloto huvutwa kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, juu kidogo ya makalio, mchangiaji akiwa amelala kwa nusu kaputi. Akiamka atahisi kama aliyeanguka akakaa kitako, kwa siku kadhaa. Njia ya pili ni kuchomwa sindano za kuzitoa seli shina mifupani ziingie kwenye damu, siku nne au tano, kisha damu hupitishwa kwenye mashine inayozichuja.

Uloto hujirudisha ndani ya wiki chache. Hapungukiwi nguvu wala uzazi.

Ndugu ana jeni moja ya sikoseli. Anafaa?

Anafaa, akilingana. Mgonjwa atabaki kama yeye, mwenye jeni moja kwenye damu na asiyeugua. Mwenye sikoseli kamili hawezi kumchangia mwenzake.

Na kundi la damu?

Si lazima lifanane. Likitofautiana, baada ya upandikizaji kundi la mgonjwa hugeuka likawa la mchangiaji. Mtoto aliyekuwa O anaweza kuwa A. Badilisha kadi zake zote, msije mkamchanganya daktari wa dharura.

## Unga, krimu na ahadi

Unga wa stemu seli wa kuweka chini ya ulimi unatibu?

Hautibu. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mama mmoja wa Makorora alikuja kliniki na mwanawe wa miaka saba, amechelewa miezi mitatu. Mtoto midomo imepauka, macho kama yamepakwa manjano. Nikamwuliza dawa zimekwisha lini. Akafungua mkoba, akatoa boksi zuri linalong'aa, ndani vipakiti vimepangwa kama vya kahawa. "Sista, hizo nyingine niliacha. Hii si ndiyo stemu seli yenyewe?" Aliuziwa na jirani, mtu anayemheshimu, ambaye naye aliletewa na mtu wa semina. Nikakiangalia kipakiti pamoja naye. Kiliandikwa kimetengenezwa kwa tufaha na zabibu. Pesa ya boksi ilikuwa ya mchezo, zamu yake ilipofika. Hakulia mpaka nilipomwambia himoglobini ya mtoto imefika ngapi. Tulimlaza siku hiyohiyo, akaongezewa damu, na sasa yuko darasa la tatu.

Sababu ni rahisi. Seli shina inayotibu ni seli hai ya binadamu, iliyopimwa ikalingana, inayotunzwa kwa baridi na kuingizwa mshipani. Seli ya tufaha ikiwa hai itazaa tufaha. Ikishakaushwa ikawa unga imekufa, na tumbo litaisaga kama linavyosaga muhogo. Haifiki kwenye uloto. Huyo jirani simlaumu, wengi wao wanaamini wanachouza.

Krimu za seli shina za kung'arisha uso?

Ni dondoo za mimea. Hakuna seli hai ndani ya kopo linalokaa dirishani kwenye jua la Tanga.

Kisukari, kiharusi, figo, usonji, nguvu za kiume?

Tiba ya seli shina iliyokwisha thibitika ni hasa ya damu na kinga: sikoseli, saratani kadhaa za damu, thalasemia (kosa jingine la kurithi la himoglobini), uloto kukauka, na watoto wanaozaliwa bila kinga. Zaidi ya hapo kuna ngozi ya kuoteshwa kwa walioungua vibaya, na baadhi ya majeraha ya kioo cha jicho.

Kisukari cha aina ya kwanza kimeanza kutia matumaini. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2025, wagonjwa 12 walipewa dozi kamili ya seli za kongosho zilizooteshwa kutokana na seli shina, na 10 kati yao walikuwa wameacha insulini baada ya mwaka. Lakini wanakunywa dawa za kutuliza kinga kila siku, na bado ni jaribio. Hayo mengine uliyoyataja, anayekuuzia leo anakuuzia kisichothibitishwa. Na madhara si kupoteza pesa tu. Huko Florida wanawake watatu walidungwa machoni seli za mafuta yao wenyewe katika kliniki ya biashara, wakapoteza uwezo wa kuona. Kisa chao kiliandikwa mwaka 2017.

Nitamjuaje mkweli?

Mwulize seli zimetoka wapi, za nani, na zinakwenda kufanya nini mwilini. Mwulize hatari zake. Anayesema haina madhara na inatibu magonjwa 130, rudi nyumbani. Na mgonjwa wa jaribio halali halipishwi dawa inayojaribiwa.

## Dini, kitovu na mila

Je, ni halali?

Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi mwaka 2003: seli shina za mtu mzima, za mtoto kwa idhini ya walezi bila kumdhuru, na za kondo na kitovu zinaruhusiwa kwa tiba. Za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila sababu ya kisharia haziruhusiwi. Kanisa Katoliki nalo linaunga mkono seli za mtu mzima na za kitovu, na linapinga kuharibu viinitete. Upandikizaji wa sikoseli niliouelezea hautumii kiinitete wala mimba ya mtu.

Damu ya kitovu ikichukuliwa, kitovu kitazikwa vipi?

Kama kawaida. Damu huvutwa kutoka kwenye kondo na kipande cha mrija baada ya mtoto kukatwa kitovu. Kondo mnaweza kupewa mkalizike nyumbani, na kitovu kikidondoka bibi atakizika anapopajua. Damu hiyo ina seli shina za kweli. Upandikizaji wa kwanza kwa damu ya kitovu ulifanyika Paris mwaka 1988, mtoto akitibiwa kwa damu ya dada yake mchanga. Ila kiasi chake ni kidogo. Na kumhifadhia mtoto mwenye sikoseli damu yake mwenyewe hakumsaidii, kwani kosa limo humohumo. Ya mdogo wake ndiyo inaweza kufaa.

## Maswali ya pembeni

Mvulana akipewa uloto wa dada yake, atageuka?

Hatageuka. Damu yake ikipimwa vinasaba itaonyesha ni ya kike, lakini sauti, ndevu na maumbile ni vyake vilevile.

Upandikizaji unaponya UKIMWI?

Timothy Ray Brown alipandikizwa Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, mchangiaji akawa na jeni adimu inayozuia virusi kuingia kwenye seli, na virusi havikuonekana tena. Wachache sana wamefuata. Hakuna daktari atakayemtia mtu kwenye hatari zile wakati ARV zipo.

Hatukupata anayelingana. Ndiyo basi?

Siyo basi. Dawa ya haidroksiyurea kila siku huongeza himoglobini ya utotoni, hupunguza maumivu na kulazwa. Penisilini kwa walio chini ya miaka mitano, foliki, chanjo, chandarua, maji ya kunywa mengi. Watoto wengi ninaowaona wakikua wakamaliza shule hawajapandikizwa. Mkizaa mwingine, apimwe naye.

Aliyepona kwa upandikizaji akioa, watoto wake watakuwa salama?

Hili huulizwa na vijana, kwa sauti ya chini, mama akishatoka nje. Kilichobadilika ni damu. Mbegu za uzazi zimebaki na jeni zilezile alizozaliwa nazo, kwa hiyo kila mtoto wake atarithi jeni moja ya sikoseli kutoka kwake. Mwenzi akiwa hana jeni hiyo, watoto hawataugua. Akiwa nayo moja, nusu ya nafasi ni ugonjwa. Na zile dawa kali za mwanzo zinaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, wa kike na wa kiume, kwa hiyo liulizeni hilo kabla ya kulazwa. Mchumba naye aje apimwe kabla ya mahari kupokelewa. Ni damu kidogo tu.